Mzigo Ndio Biashara: Uchambuzi wa Uuzaji wa Nguo Dukani na Mtandaoni

Machi 2018 kampuni ya mitindo ya H&M ya Sweden ilionyesha katika hesabu zake kwamba imebaki na nguo za thamani ya dola bilioni 4.3 ambazo hazijauzwa. Maduka ilikuwa nayo maelfu, matangazo yake yalijaa kwenye miji mikubwa ya dunia, na wabunifu wake ni watu wanaoijua kazi yao. Hata hivyo nguo zililala ghalani, kwa sababu zilizotengenezwa hazikuwa zile ambazo wateja walizitaka, kwa wingi huo, katika wiki hizo. Ikabidi bei zishushwe, na kila bei iliyoshushwa ikala faida.

Kijana wa Dar es Salaam au Mombasa anayeuza magauni machache kwa simu yake anaweza kuiona habari hiyo kuwa ya mbali. Tatizo ni lilelile. Ingia stoo za Kariakoo, Dar es Salaam, au Eastleigh, Nairobi, utakuta mifuko ya nguo za msimu uliopita, saizi ndogo zikiwa zimebaki peke yake, rangi ambazo hakuna aliyeziulizia, na mwenye mali anatafuta mkopo ili alete mzigo mpya juu ya ule uliokwama.

Nataka kuchambua jinsi biashara ya nguo inavyoendeshwa kweli, kuanzia kuchagua mzigo hadi mteja anapovaa, na kuona mtandao umebadilisha nini. Msimamo wangu nautoa mapema. Faida ya nguo hupatikana au hupotea siku ya kununua. Duka zuri, picha nzuri na wafuasi wengi husaidia kuuza kilichonunuliwa vizuri, lakini haviwezi kuokoa kilichonunuliwa vibaya. Mtandao haukuiondoa kanuni hiyo. Umeifanya iwe kali zaidi.

Mnunuzi wa pwani na kiwanda cha mbali

Pwani yetu iliijua kazi hii kabla hakujawa na chuo chochote cha mitindo. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alitiliana mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 Richard Waters akafika Zanzibar kuwa konseli wa kwanza wa Marekani. Meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa cha pamba kisichopaushwa ambacho watu wa pwani na bara walikiita merikani. Walikipenda kwa sababu kilikuwa kigumu na kilidumu. Wafanyabiashara wa Uingereza walipotaka kuingia soko hilo, ilibidi waige kitambaa kile, kwa kuwa mnunuzi alishaamua anataka nini. Ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilivyokata ugavi na kuwafungulia wengine njia.

Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri na misafara kati ya pwani na maziwa makuu miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kurasa nyingi kuhusu aina za vitambaa na shanga zilizokubalika kila eneo. Hakuandika hayo kwa kupenda mapambo. Shanga za rangi isiyotakiwa Unyamwezi hazikununua hata chakula cha wapagazi, na msafara uliozibeba ulikuwa umebeba uzito mtupu.

Ilipofika zama za kanga, mwishoni mwa karne ya 19, kazi hii ilikuwa imekomaa kabisa. Wafanyabiashara wa Zanzibar na Mombasa walipeleka maagizo ya nakshi, rangi na maneno kwa viwanda vya Ulaya, kikiwemo kile cha Helmond, Uholanzi, tunachokijua leo kwa jina la Vlisco. Mombasa, biashara ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanza mwaka 1887, ilijijengea jina kwa chapa ya Mali ya Abdulla, chapa ambayo mama aliitafuta ukingoni mwa kanga kabla ya kutoa pesa. Hebu fikiria mambo aliyopaswa kuyaamua mfanyabiashara yule. Wanawake wanasema nini mwaka huu? Jina gani litatembea? Pindo liwe jekundu au la zambarau? Aagize doti ngapi? Kisha asubiri miezi meli ije, huku ladha ya mjini ikiweza kuhama wakati wowote.

Anayeagiza madera leo kwa simu anaamua mambo yaleyale. Tofauti ni kwamba babu yake wa kibiashara alikuwa anakaa barazani akisikiliza wateja kabla ya kuandika barua ya maagizo, na huyu wa leo mara nyingi anaagiza alichokiona kwenye ukurasa wa mwenzake.

Magauni mia moja

Tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza.

Wauzaji wengi wa jumla wa Guangzhou, China, na vilevile wa mtaa wa Laleli mjini Istanbul, Uturuki, huuza nguo kwa pakiti yenye saizi mfululizo: S moja, M moja, L moja, XL moja, XXL moja. Huwezi kuchomoa saizi unayoitaka. Tuseme dada mmoja mwenye fremu Kariakoo amechukua pakiti 20 za gauni moja. Ana magauni 100, ishirini kwa kila saizi. Kila gauni limemgharimu shilingi 18,000 hadi kufika dukani, na analiuza 30,000. Ameweka 1,800,000 na anatarajia 3,000,000. Faida anayoiota ni 1,200,000.

Wateja wake wengi ni akina mama wa makamo. Wiki tatu za kwanza L na XL zinakwisha zote, 40. M zinatoka 13, XXL saba, S mbili. Ameuza magauni 62 na amepokea 1,860,000. Mbele ya macho yake duka limechangamka, na mashoga zake wanamsifu kwamba mzigo umetembea. Kwenye daftari amerudisha mtaji wake na kupata 60,000 tu. Faida yake iliyobaki, 1,140,000, imekaa ndani ya magauni 38 ambayo karibu nusu yake ni S, saizi ambayo wateja wake hawavai. Na hapo kodi ya fremu, umeme na mshahara wa binti wa dukani havijaguswa.

Sasa anatangaza punguzo. Akiyatoa yote 38 kwa 15,000, chini ya bei aliyonunulia, anapata 570,000. Jumla ya mauzo inakuwa 2,430,000, na faida imeshuka kutoka 1,200,000 hadi 630,000. Kinachoumiza zaidi hakiandikwi popote: wale waliokuja wiki ya nne wakiuliza L, wakaambiwa zimeisha, wakavuka barabara kwenda duka la pili.

Ndiyo maana nasema saizi ni suala la mtaji kabla ya kuwa suala la mitindo. Huyu dada angekuwa na rekodi ya mzigo uliopita, angejua kwamba pakiti ya mfululizo haimfai. Angetafuta muuzaji anayekubali kuvunja pakiti hata kwa bei ya juu kidogo, angeungana na mwenzake anayeuzia wanafunzi wa vyuo na kugawana saizi, au angechukua pakiti kumi na kungoja. Hatua zote tatu zinawezekana Kariakoo leo, na wapo wanaozifanya kimyakimya.

Punguzo nalo lina hesabu yake inayodanganya. Gauni lililonunuliwa 18,000 na kuuzwa 30,000 lina faida ya 12,000. Mteja akiomba apunguziwe asilimia 20, anaonekana ameomba kidogo. Bei inashuka hadi 24,000 na faida inabaki 6,000. Asilimia 20 ya bei imeondoka na nusu ya faida. Anayepunguza bila kujua namba hii anafanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja.

Wala faida kubwa kwa kila nguo si kipimo cha biashara nzuri. Mtaji wa magauni 100 ukizunguka mara tatu kwa mwaka kwa faida ya 12,000, unaleta 3,600,000. Mtaji huohuo ukizunguka mara nane kwa faida ya 7,000, unaleta 5,600,000. Wauzaji wa jumla wenye asili ya Kisomali wa Eastleigh wamejulikana kwa kuuza kwa faida nyembamba na kuzungusha haraka, na wengi waliowashangaa mwanzoni wameishia kununua kwao.

Wakati nao ni bidhaa

Zara, duka lililofunguliwa A Coruña, Hispania, mwaka 1975, lilijenga himaya yake juu ya muda. Maduka yake huagiza na kupokea mzigo mara mbili kwa wiki, na sehemu kubwa ya nguo za mtindo hutengenezwa karibu na Hispania badala ya Asia ya mbali, ili kampuni iweze kuongeza kinachouzika na kuacha kisichouzika. Shein, kampuni iliyoanzia China, ilisogeza kanuni hiyo mbele zaidi: hutengeneza vipande kama 100 au 200 vya mtindo mpya, hutazama mtandaoni watu wanabofya nini, kisha huongeza. Kuna mengi ya kuwalaumu Shein, hasa wingi wa nguo za kuvaliwa mara mbili na kutupwa. Lakini kanuni ya kununua kidogo, kutazama, halafu kuongeza, ni sahihi na haina uhusiano na ukubwa wa kampuni.

Kwetu kikwazo ni bahari. Mfanyabiashara makini anayeleta mzigo kwa meli kutoka China huhesabu kama miezi miwili tangu kulipia hadi kufungua mabunda: kukusanya mzigo kwenye kontena la pamoja, safari yenyewe, na kuutoa bandarini. Kwa ndege ni haraka, ila unalipa kwa kilo, na kilo za jinzi si sawa na kilo za mitandio. Kwa hiyo mzigo wa Idi unaamuliwa kabla hata mwezi wa Rajabu haujafika.

Na Idi haisimami mahali pamoja. Mwaka 2024 Idi ul-Fitri iliangukia Aprili 10. Mwaka 2025 ikawa Machi 31. Kila mwaka inarudi nyuma kwa siku kama 11. Anayeagiza kwa kukumbuka kwamba mwaka jana mzigo ulifika mwezi fulani anajikuta madera yake yako baharini wakati wateja wanavaa ya duka jingine. Zaidi ya hapo, kurudi nyuma huko kunaisogeza Idi karibu na Januari, mwezi ambao wazazi wametoka kulipa ada na sare za shule. Miaka hii ununuzi wa Ramadhani unakutana na mifuko iliyokwishachoka, na bei za kuagizia zinapaswa kulitambua hilo.

Kuna misimu mingine isiyoandikwa kwenye kalenda ya ukutani. Mnada wa korosho ukianza Mtwara na Lindi kuanzia Oktoba, wanunuzi wa kusini huja Kariakoo na fedha taslimu. Wanaotoka Lubumbashi, Lusaka, Bujumbura na Moroni huja kwa vipindi vyao, na kila mji una ladha yake. Vitenge vya nakshi kubwa vinavyogombewa na Wakongomani vinaweza kukaa mwaka mzima bila mnunuzi wa Dar. Mwenye duka la jumla aliyekaa muda mrefu anayajua haya kichwani. Bahati mbaya yanabaki kichwani mwake, na akistaafu yanaondoka naye.

Hapa ndipo fundi wa kwetu ana nafasi ambayo haitumiki. Hawezi kushindana na kiwanda cha Guangzhou kwa bei ya kushona. Kwa idadi ya siku anaweza. Mwenye duka akiona mtindo fulani umeisha Jumatatu, fundi wa Ilala anaweza kumletea vipande 15 vya saizi zilizokosekana kufikia Ijumaa. Meli haiwezi. Wabunifu na mafundi wengi huuza ujuzi wao kama sanaa pekee, ilhali kitu ambacho mwenye duka angekilipia kwa furaha ni kasi ya kujaza pengo.

Belo na winga

Watu hudhani mitumba iko nje ya mazungumzo ya mitindo. Mimi naiona kuwa shule ngumu kuliko zote. Mnunuzi analipia belo lililofungwa, mara nyingi la kilo 45, na amesoma juu yake aina na daraja tu: magauni ya hariri, mashati ya kiume, nguo za watoto. Kilichomo atakijua akikata mikanda.

Angalia muuza mitumba anapofungua belo asubuhi. Kwa dakika chache anazitenga nguo kwa macho na vidole: zenye chapa na hali ya mpya pembeni, za kawaida katikati, zenye doa au zilizochanika mwisho. Gikomba, Nairobi, zile za kwanza huitwa kamera na za mwisho fagia. Wateja wa kamera hupigiwa simu kabla jua halijapanda. Wengi wao wana maduka au kurasa za mtandaoni, na watazifua, watazipiga pasi na kuziuza mara kadhaa ya bei ile. Saa nne bei imeshuka. Mchana ni chagua-chagua. Jioni zilizobaki zinatoka kwa bei moja ya chini ili kesho belo jingine lifunguliwe. Gharama yote ya belo anataka irudi kwenye lile fungu la kwanza. Yanayofuata ndiyo faida.

Kampuni kubwa huajiri wachambuzi na programu za kompyuta ili kuamua lini bei ishuke na kwa kiasi gani. Mama wa mitumba huamua kwa saa, na hana huruma kwa nguo aliyoipenda yeye. Wenye maduka ya nguo mpya wanashindwa hapohapo: wanangoja miezi sita wakiamini mteja atakuja, kwa sababu kushusha bei wanaona kama kukiri wamekosea.

Na mitumba haiondoki kesho. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua; Marekani ikatishia kuziondolea nchi hizo nafuu ya kuuza bidhaa kwake chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikalegeza. Rwanda ilishikilia, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Anayepanga kuuza nguo mpya katika ukanda huu lazima apange bei akijua jirani yake anauza mtumba mzuri kwa robo ya bei.

Mhusika wa pili asiyepewa heshima yake ni winga. Kariakoo imejaa mawinga: vijana wasio na fremu wala mtaji, wanaochukua picha za nguo kwenye maduka ya watu, wanazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp, wakipata mteja wanakimbilia dukani kuchukua, na wanaongeza cha juu chao. Gauni la 30,000 linaweza kuonekana mtandaoni kwa 35,000, 40,000 na 45,000 siku hiyohiyo, likiwa ni gauni moja lililotundikwa kwenye henga moja.

Wenye maduka hulalamika kwamba winga anaharibu bei. Malalamiko hayo yana ukweli. Hasara kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kwamba mazungumzo na mteja yamehamia kwenye simu ya winga. Yeye ndiye anayejua kwamba watu 12 wameuliza rangi ya kijani ambayo haipo, kwamba mikono ni mifupi kwa wanaovaa hijabu, kwamba mteja wa Dodoma alirudisha kwa sababu kiuno kilibana. Mwenye duka anajua tu kwamba pisi tatu zimetoka. Angemkalisha winga wake kila Jumamosi na kuandika yaliyoulizwa yakakosekana, angekuwa na taarifa za soko ambazo makampuni hununua kwa fedha nyingi.

Mteja asiyegusa kitambaa

Dukani mteja hushika, huvuta, hunusa, hujaribu, hugeuka mbele ya kioo, huuliza shoga yake. Mtandaoni vitendo vyote hivyo vimeondoka, na muuzaji ndiye anayepaswa kuvifidia. Wengi hawafidii. Wanachukua picha ya mwanamitindo wa Kichina au wa Kituruki kutoka kwa muuzaji wa jumla, wanaandika "mzigo mpya" na kumwambia mteja bei njoo DM.

Kuficha bei ni kosa. Anayetetea husema anazuia washindani wasimwone, lakini mshindani anaijua bei kwa kutuma ujumbe mmoja. Asiyeijua ni mteja mwenye haya, ambaye hataki kuuliza kisha ashindwe kununua. Huyo anapita, na hutajua kwamba alikuwepo.

Kinachofidia mguso ni vipimo na ukweli. Laza gauni mezani, pima kifua, kiuno, nyonga na urefu kwa futi ya fundi, andika kwa inchi. Saizi ya kwenye lebo haina maana, kwa kuwa XL ya China inaweza kuwa M ya Uturuki. Sema kama kitambaa kinavutika. Piga picha mwangani, mvalishe mtu mwenye mwili unaofanana na wa wateja wako, na utaje yeye huvaa namba ngapi. Video fupi ya mtu akitembea na kuketi humsaidia mteja kuliko picha kumi zilizong'arishwa, kwa sababu huonyesha kama kitambaa kinaangaza ndani na kama kinajikunja.

Hili linarudi moja kwa moja kwenye fedha. Tuseme muuzaji anapeleka oda kumi mjini kwa utaratibu wa lipa ukipokea, na tatu zinakataliwa mlangoni kwa sababu ya saizi au rangi. Bodaboda amekwenda na kurudi, 8,000 kwa kila safari iliyokataliwa. Faida ya magauni saba ni 84,000. Toa 24,000 za bodaboda, inabaki 60,000. Kila gauni lililouzwa limeleta chini ya 9,000 badala ya 12,000, na yale matatu yamepoteza siku mbili barabarani wakati pengine kuna mtu dukani aliyataka. Vipimo vilivyoandikwa sawasawa vingeokoa fedha hiyo bila kuongeza mfuasi hata mmoja.

Kwa mikoani, mzigo husafiri kwa basi. Mteja wa Mbeya hulipa kwanza kwa simu, na muuzaji hutuma picha ya risiti na namba ya gari. Imani ndiyo inayobeba biashara hiyo. Kila anayepokea pesa na kutotuma, au kutuma kitu kingine, anawaharibia maelfu ya waaminifu.

Milango miwili, stoo moja

Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, iliondoka Tanzania Novemba 2019 ikisema inaelekeza nguvu kwenye masoko mengine. Wanunuzi wa mtandaoni hawakuondoka nayo. Walibaki Instagram na WhatsApp, wakinunua kwa watu wanaoweza kuongea nao. Kenya upande wa maduka nako kulitoa fundisho: Deacons, kampuni ya siku nyingi ya nguo iliyoorodheshwa kwenye Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2016, ilikabidhiwa kwa wasimamizi Novemba 2018, baada ya kuiachia Mr Price ya Afrika Kusini maduka ya chapa hiyo iliyokuwa ikiyaendesha, na huku ikizidiwa na ushindani. Kumbe kuwa na tovuti peke yake hakutoshi, na kuwa na maduka kwenye majengo makubwa hakutoshi.

Vivo, kampuni ya nguo ya Nairobi ambayo Wandia Gichuru aliianzisha pamoja na mwenzake mwaka 2011, ilichukua njia ninayoiona ya busara. Ilianza na nguo za mazoezi na dansi, ikagundua wateja wanataka za kuvaa kila siku, ikahama nao. Inashona Kenya, kwa miili ya wanawake wa hapa, na inauza kwenye maduka yake na mtandaoni. Nguvu yake iko kwenye uwezo wa kusikia dukani na kubadilisha kiwandani kwa haraka.

Kwa mfanyabiashara mdogo, duka na mtandao vinakuwa kitu kimoja pale tu hesabu ya stoo inapokuwa moja. Hali ya kawaida ni hii: gauni la mwisho la L limeuzwa dukani saa tano, binti wa mtandaoni hajui, amepokea pesa ya mteja wa Arusha saa sita. Kwa mitumba ni hatari zaidi, kwa kuwa kila pisi ni ya pekee. Dawa haihitaji mfumo wa gharama. Daftari lenye safu ya mtindo, rangi, saizi, zilizoingia, zilizotoka na zilizoulizwa zikakosekana, likijazwa siku hiyohiyo na mtu mmoja, linatosha hadi biashara ikue.

Kwa nini wengi hawaandiki? Uvivu upo, ila sababu nzito ni hofu. Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka, na miongoni mwa malalamiko yao yalikuwa usajili wa stoo na namna maofisa wa kodi walivyowatendea. Mtu akiamini kila namba aliyoiandika itageuzwa kuwa kesi, ataacha kuandika, na akiacha kuandika anapoteza macho ya biashara yake. Serikali inayotaka kodi zaidi ingefaidika kumwondolea hofu hiyo, maana mwenye duka asiyejua stoo yake hafiki mbali na kodi yake haifiki mbali.

Wapi pa kujifunzia

Mafunzo mengi ya mitindo huanza na cherehani na mchoro, na huishia kwenye jukwaa la maonyesho. Ni ujuzi wa kweli na nauheshimu. Lakini mhitimu anayejua kukata gauni la harusi na hajui atashona mangapi, kwa saizi zipi, yawe tayari lini, ataishia kufanya kazi kwa asiyejua kukata. Vyuo viwafundishe wanafunzi wao kupanga mzigo kama wanavyowafundisha kupanga kitambaa, na viwaite wauza mitumba na wenye maduka ya jumla kuja kufundisha. Wana elimu ambayo haijaandikwa.

Kwa unayetaka kuingia bila chuo, omba kazi kwa mwenye duka msimu mmoja mzima, kuanzia mzigo wa Ramadhani unapoagizwa hadi wiki mbili baada ya Idi, hata kama malipo ni nauli na chakula. Usiombe kukaa kwenye kamera ya laivu. Omba kukaa stoo, na umwombe mwenye mali ruhusa ya kuandika. Na kama tayari una biashara yako, kabla hujalipia mzigo unaofuata toa nje nguo zote zilizobaki, zihesabu saizi kwa saizi na rangi kwa rangi, kisha nenda kaagize ukiwa na karatasi hiyo mkononi.